Je, Huyo Muuguzi Ana Leseni?

Mtaani kwetu alikuwapo mama mmoja aliyependwa sana. Mtoto akipata homa usiku, mlango wa kugonga ulikuwa wake. Alikuwa na gauni jeupe, mabomba ya sindano na dawa kabatini, nasi sote tulimwita "nesi".

Siku moja alimchoma sindano mtoto wa jirani. Paja likavimba, jipu likatunga. Hospitalini daktari akauliza: "Alichomwa dawa gani, na nani?" Mama wa mtoto hakuwa na jibu. Ndipo tulipojua kwamba "nesi" wetu alikuwa mfanya usafi wa zahanati kwa miaka mingi, wala hakusomea uuguzi hata siku moja.

Hatumcheki. Sisi wenyewe tulimpelekea watoto wetu bila kuuliza. Akina mama wenzetu, yako maneno machache ya kazi ya uuguzi ambayo kila familia inafaa kuyajua.

Usajili. Aliyesoma katika chuo kinachotambuliwa na kufaulu mtihani, jina lake huandikwa katika daftari maalumu. New Zealand ilitunga sheria ya kuwasajili wauguzi mwaka 1901, na Januari 1902 Ellen Dougherty akawa muuguzi wa kwanza kusajiliwa. Hapa Tanzania kazi hiyo ni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, chini ya Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010. Kujifanya muuguzi bila kuwamo katika daftari hilo ni kosa la jinai.

Leseni. Usajili unasema mtu amehitimu. Leseni inasema anaruhusiwa kufanya kazi sasa. Ina mwisho wake, na muuguzi hana budi kuihuisha. Hutakiwa pia kuendelea kujifunza, kwa maana dawa na njia za kuhudumia wagonjwa hubadilika.

Mipaka ya kazi. Kila mmoja hufanya yale aliyofundishwa na kuruhusiwa. Muuguzi akikuambia, "Mama, huyu lazima aonwe na daktari," usidhani ameshindwa kazi. Hiyo ndiyo kazi yenyewe.

Ridhaa. Kabla ya kuguswa au kuchomwa sindano, mgonjwa anastahili kuelezwa kinachofanywa na sababu yake, kisha akubali. Kwa mtoto mdogo, mzazi ndiye anayekubali. Kuuliza "Hii ni dawa gani?" si utovu wa adabu.

Siri. Anayoyajua muuguzi kuhusu ugonjwa wako si habari za kisimani. Huwaeleza wanaokuhudumia, nao ni yale tu yanayohitajika kwa matibabu yako.

Uwajibikaji. Muuguzi hujibu kwa matendo yake. Akilalamikiwa, Baraza laweza kusikiliza shauri, kumwonya, kumsimamisha, au kulifuta jina lake katika daftari. Hapo ndipo tulipouona udhaifu wetu: yule mama wa mtaani hakuwa na jina la kufutwa. Hakuna aliyempa kazi ile ila sisi, wala hakuna aliyemsimamia.

Wauguzi wengi wanaifanya kazi yao kama wito, usiku na mchana, mara nyingi wagonjwa wakiwa wengi kuliko mikono. Daftari lile linawalinda nao pia, ili jina lao zuri lisichafuliwe na mwenye gauni jeupe tu.

Basi tufanye nini? Tuulize kwa heshima: "Dada, umesajiliwa? Leseni yako ingali hai?" Muuguzi wa kweli hatakasirika. Tuombe jina la dawa liandikwe, na kadi ya mtoto tuitunze mahali pamoja.

Mtoto wa jirani yetu alipona. Lakini kovu la kupasuliwa jipu lingali pajani, na kila tukimwona anacheza mpira tunakumbuka swali ambalo hatukuliuliza.