Mstatili Mweusi Umetoka Wapi?

Aliyechora kwa matoleo ya zamani ya Inkscape huenda amekutana nao: mstatili mweusi tii uliokaa pale palipokuwa na maandishi. Kwenye kompyuta yake bango lilikuwa sawasawa, jina la duka juu, namba ya simu chini. Likafunguliwa kwa programu nyingine, maneno yakawa hayapo, limebaki doa jeusi la pembe nne. Mwenye duka la kuchapisha atasema faili limeharibika. Mbunifu atasema kompyuta ya dukani ni mbovu. Hakuna aliyepatia, na chanzo chenyewe kinaweza kusomwa ndani ya faili.

Inkscape huhifadhi michoro kwa muundo wa SVG, uliopitishwa mwaka 2001 na W3C, chombo kinachosimamia viwango vya wavuti. SVG ni maandishi matupu. Lifungue faili kwa Notepad utaona maneno na namba: hapa duara, hapa mstari, hapa rangi yake. Toleo la kwanza, na hata lile la 1.1 la mwaka 2003, halikuwa na namna ya kumimina aya ndani ya fremu ili maneno yashuke yenyewe kwenye mstari unaofuata. Mwandishi alilazimika kutaja kila mstari unakaa wapi. W3C wakaanza kuandaa toleo la 1.2, na katika rasimu yake wakaweka elementi iitwayo flowRoot kwa kazi hiyo. Watengenezaji wa Inkscape, mradi ulioanza mwaka 2003 baada ya kujitenga na programu ya Sodipodi, waliipenda wakaiingiza bila kusubiri muhuri. Muhuri haukuja. Rasimu ile iliachwa.

Basi kwa miaka mingi, kila mtumiaji aliyeburuta kipanya ili kuandika ndani ya fremu alikuwa anaandika kwa kanuni ambayo wengine hawakuiafiki. Vivinjari vikiikuta flowRoot huiruka, maandishi yakapotea bila kelele. Programu nyingine huiruka pia, lakini ndani yake hukuta kitu inachokijua vizuri: mstatili unaoonyesha mipaka ya fremu. Kanuni ya SVG inasema umbo lisilotajiwa rangi lipakwe nyeusi, nayo hulipaka. Doa lile jeusi ni uzio wa maandishi, umechorwa kwa utiifu kamili wa sheria.

Inkscape 1.0 iliyotoka Mei 2020 iliacha njia hiyo ikashika nyingine, ambayo programu za zamani nazo huweza kuisoma. Mafaili ya kabla ya hapo bado yamejaa kwenye flashi na diski za watu. Dawa yake ni ndogo: chagua maandishi, nenda kwenye menyu ya Text, yageuze yawe maandishi ya kawaida.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu kinafundisha kuliko vingine. Faili la vekta halibebi picha. Linabeba maelekezo ya kuichora, kama karatasi ya mapishi inayotaja mchele na bizari bila kuwa na pilau ndani yake. Programu ikikuta elekezo isilolijua, huliruka, au hubahatisha, au huigeuza sehemu hiyo kuwa pikseli. Mara nyingi haikuulizi. Kwa hiyo kila unapotoa kazi kwa muundo mwingine kuna kinachoachwa, na ni afadhali ukichague mwenyewe kabla programu haijakuchagulia.

Ukubwa uliobadilika unaudhi zaidi, maana jicho haliwezi kuugundua kwenye skrini. Namba ndani ya SVG mara nyingi hazina kipimo: 900 ni 900 tu, si milimita wala inchi. Kila programu huamua yenyewe namba ngapi zinafanya inchi moja. Inkscape ilikuwa inatumia 90. Viwango vya wavuti vilikwisha kukubaliana kuwa ni 96, nayo Inkscape ikaja kuvifuata kwenye toleo la 0.92, Januari 2017. Mchoro wa 900 uliokuwa inchi 10 ukawa inchi 9.375. Kwa tangazo la Instagram hakuna anayejali. Kwa fundi anayekata stika ya mlango wa gari, au plastiki ya kuchomekwa kwenye tundu lililokwisha kutobolewa, hiyo ni kazi ya kutupa. Illustrator ya Adobe nayo hutumia 72, kipimo kilichorithiwa kutoka kwenye uchapaji.

Kutokana na namba hizo fundi anaweza kupima ugonjwa kwa rula. Kazi ikitoka imepungua robo kamili, sentimita 20 zimekuwa 15, faili limetoka kwenye 72 likaingia kwenye 96. Ikipungua asilimia 6 hivi, ni 90 na 96. Na ikiwa kubwa au ndogo mara 25 na kidogo, hiyo ni inchi iliyosomwa kama milimita au kinyume chake, maana inchi moja ni milimita 25.4. Ugonjwa huu wa mwisho ni wa kawaida kwenye DXF, muundo wa Autodesk uliokuja na AutoCAD mwaka 1982 na ambao mashine nyingi za kukata bado zinautegemea. DXF za baadaye zina nafasi ya kutaja kipimo, lakini programu nyingi haziijazi, na nyingine zikiikuta imejazwa haziisomi. Mimi naona dawa ya kuaminika ni ya kizamani: chora kwenye kona mraba wa sentimita 10 kwa 10, utume pamoja na kazi. Fundi akiupima ukawa 10, akate.

Vivuli na rangi zinazopenyeza vina asili nyingine. John Warnock na Charles Geschke walianzisha Adobe mwaka 1982, na miaka miwili baadaye ikatoka PostScript, lugha ya kuiamuru printa. Katika PostScript rangi ni kama haina huruma: kinachopakwa juu kinafunika kilicho chini, basi. Hakuna nusu. Muundo wa faili wa EPS umejengwa juu ya lugha hiyo. Illustrator ilipoleta uangavu, yaani rangi hizo zinazopenyeza, kwenye toleo la 9, mwaka 2000, EPS haikuwa na neno la kuueleza, na hadi leo haina. Inachofanya programu ni kuukatakata mchoro vipande vidogo na kukipa kila kipande rangi ya mchanganyiko iliyokwisha kukokotolewa. Ndiyo maana mteja akifungua EPS huona nyuzi nyembamba nyeupe zikipita katikati ya nembo. Nyuzi hizo ni maungio ya vipande. Kuza picha: zikibaki nyembamba vilevile badala ya kunenepa, hutokana na namna skrini inavyolainisha kingo, na kwa kawaida hazichapiki. Zikinenepa, ni pengo la kweli.

PDF ilijifunza uangavu kwenye toleo lake la 1.4, mwaka 2001. Kwa hiyo duka linalodai EPS kwa mazoea, wakati mashine yao inasoma PDF ya kisasa, linajitafutia taabu. Naomba radhi kwa wazee wa fani, lakini EPS imeshamaliza kazi yake.

Pwani kuna shida ambayo wabunifu wengi wa kwingine hawaijui. Kadi ya harusi ya Mombasa au Unguja mara nyingi hufunguliwa kwa Bismillah kwa herufi za Kiarabu, na herufi hizo hubadili umbo kufuatana na mahali zilipo: mwanzoni, katikati, mwishoni, au pekee. Faili huhifadhi herufi tu. Kuziunganisha ni kazi ya programu ikishirikiana na fonti. Programu isiyojua kazi hiyo huzipanga moja moja zimeachana, tena kuanzia kushoto. Kwa asiyesoma Kiarabu bado yanaonekana ni maandishi mazuri, na kadi zinachapwa. Kinga ni kuyageuza maandishi hayo kuwa michoro, ile hatua ambayo watumiaji wa CorelDRAW huifahamu kwa jina la curves, ndani ya programu iliyoyaunganisha vizuri, kisha kumwonyesha anayesoma. Baki na nakala isiyogeuzwa. Herufi zikishakuwa michoro, huwezi tena kusahihisha jina la bwana harusi.

Fonti za kawaida nazo hupotea, ingawa kwa sababu nyepesi: kompyuta ya dukani haina fonti uliyotumia, inaweka nyingine. Jambo jipya ni kwamba Januari 2023 Adobe iliacha kuziunga mkono fonti za aina ya Type 1, hivyo kazi ya zamani iliyokuwa ikifunguka vizuri inaweza sasa kulalamika fonti haipo, hali ipo pale pale kwenye diski.

Kuhusu rangi nitasema kidogo. SVG na PNG hubeba rangi za mwanga, yaani nyekundu, kijani na bluu. Mashine ya kuchapisha inatumia wino nne. Bluu kali ya skrini haina wino wake, na hakuna mpangilio wa programu utakaoitengeneza. Ukiona picha ya JPEG imegeuka kama negativu, huenda ni JPEG ya rangi nne kutoka Photoshop, ambayo huhifadhi thamani za wino zikiwa zimepinduliwa. Programu isiyojua hilo haizirudishi.

Je, ukikutana na tatizo lisilofanana na haya? Fanya wafanyavyo watafiti, punguza kisichohusika. Chukua nakala ya faili, futa nusu ya vitu vilivyomo, itoe tena. Kosa likibaki, limo kwenye nusu iliyobaki. Likitoweka, lilikuwa kwenye uliyoifuta. Rudia hadi ubaki na kitu kimoja. Kama ni SVG, lifungue kwa Notepad utafute neno flowRoot, kisha utafute anwani zinazoanza na C: au file. Ukizikuta kwenye picha zako, picha hizo hazimo ndani ya faili. Zimo kwenye kompyuta yako, na faili linabeba anwani tu. Usihangaike kubadili herufi za mwisho wa jina, kutoka .ai kwenda .pdf kwa mfano. Programu nyingi hutazama baiti za mwanzo: PDF huanza na %PDF hata ukiiita jina gani. Faili la .ai kwa kawaida hubeba PDF ndani yake, ndiyo maana programu nyingine hulifungua. Lakini aliyelihifadhi akiwa ameondoa alama ya kulifanya lisomeke kama PDF, atakayelifungua kwingine ataona ukurasa wenye onyo tu.

Kabla hujaanza kazi, liulize duka linataka muundo gani na mashine yao inasoma toleo lipi. Wape PDF iliyobeba fonti zake, pamoja na picha ya PNG ya kulinganishia. Na ukituma kwa WhatsApp, tuma kama dokumenti; ukituma kama picha, itabanwa na kupoteza pikseli kabla haijafika, na hapo hakuna fundi atakayekusaidia.