Chura wa kucha: Mfuge ukitaka, lakini usimvushe mpaka

Wahenga walisema kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Katika madimbwi ya nchi zetu yuko chura ambaye kelele zake huenda ng'ombe asizisikie kabisa, kwa kuwa huita akiwa chini ya maji. Hana ulimi. Chakula hukishika kwa vidole vya mbele na kukisukumia kinywani. Vidole vitatu vya kila mguu wa nyuma vina kucha nyeusi, ndiyo maana huitwa chura wa kucha. Jina lake la kisayansi ni Xenopus, lenye asili ya Kigiriki na maana ya mguu wa ajabu.

Vyura wengi tunaowaona hurukaruka nyasini baada ya mvua. Huyu huishi majini maisha yake yote, na hutoka tu dimbwi linapokauka au usiku wa mvua anapohamia dimbwi jingine. Kwa sababu hiyo anaweza kufugwa ndani ya tangi la kioo kama samaki, na ughaibuni anafugwa hivyo kwa miaka mingi.

Umaarufu wake ulianzia hospitalini. Miaka ya 1930 mjini Cape Town, kutokana na utafiti ulioanzishwa na Mwingereza Lancelot Hogben, iligundulika kwamba chura jike akidungwa mkojo wa mwanamke mjamzito hutaga mayai katika muda usiofika siku moja. Vyura wa Afrika Kusini wakasafirishwa kwa wingi kwenda Ulaya na Marekani kupimia mimba, hadi vipimo vya kisasa vilipochukua nafasi yao. Watafiti nao waliendelea kuwatumia. Mwaka 2012 John Gurdon wa Uingereza alipata Tuzo ya Nobel, kwa pamoja na Shinya Yamanaka wa Japani. Kazi ya Gurdon ilikuwa kukuza chura kutokana na kiini cha seli ya utumbo wa kiluwiluwi, na kiluwiluwi huyo alikuwa wa chura wa kucha.

Kila maji na chura wake

Chura aliyeenea duniani ni Xenopus laevis wa kusini mwa Afrika. Sisi tunao ndugu zake. Ukanda wa Ziwa Victoria una Xenopus victorianus. Pwani ya Tanzania na Kenya yuko Xenopus muelleri, na nyanda za juu za Kenya yuko Xenopus borealis. Xenopus vestitus hupatikana kusini-magharibi mwa Uganda, Rwanda na Kivu. Mwaka 2008 wanasayansi walimtangaza mwingine, Xenopus itombwensis, wa nyanda za Itombwe katika Kivu Kusini.

Kwa anayetaka kumfuga, iwe nyumbani au shuleni kwa somo la biolojia, ushauri wa kwanza unatoka hapo: fuga chura wa maji ya kwenu. Usiagize wa mbali. Kabla ya kumtoa dimbwini, uliza ofisi ya wanyamapori ya nchi yako kama kibali kinahitajika. Ukinunua, mtake muuzaji akueleze chura alikotoka.

Kuandaa tangi

Chura mmoja mkubwa anahitaji takriban lita 40 za maji, na wawili lita 80. Tangi pana ni bora kuliko refu la kwenda juu. Chura huyu anapumua kwa mapafu, hivyo lazima apande juu kuvuta hewa. Kina cha sentimita 30 kinamtosha. Acha nafasi kati ya maji na mfuniko. Mfuniko wenyewe uwe na matundu na uzito, maana chura wa kucha ni hodari wa kutoroka, na akiwa sakafuni usiku kucha atakauka na kufa.

Usiweke kokoto ndogo chini ya tangi. Chura humeza chochote kinachoingia kinywani, na kokoto humziba utumbo. Acha kioo kitupu, au weka mawe makubwa kuliko kichwa chake. Chungu kilichovunjika, kikiwa hakina ncha kali, kitakuwa maficho mazuri.

Maji ya bomba yana klorini, na ngozi ya chura hufyonza kilichomo majini. Yalaze kwenye ndoo iliyo wazi kwa saa 24 hadi 48. Ikiwa mamlaka yenu ya maji hutumia kloramini, kulaza hakutoshi. Tumia dawa ya kuiondoa inayouzwa kwenye maduka ya samaki wa mapambo.

Kosa linaloua vyura wengi ni haraka. Kinyesi na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wazuri huigeuza kuwa naitraiti, nayo bado ni sumu, kisha kuwa naitreti yenye madhara madogo zaidi. Bakteria hao huhitaji wiki 4 hadi 6 kujijenga ndani ya kichungi. Kwa hiyo washa kichungi, tia chembe chache za chakula cha samaki kila baada ya siku mbili tatu, na usubiri kabla ya kumleta chura. Chagua kichungi chenye mkondo wa taratibu. Chura huyu huhisi mitikisiko ya maji kwa viungo vilivyopangika ubavuni mwake kama mishono, na mkondo mkali humchosha.

Asiye na kichungi, au mwenye umeme wa kukatika mara kwa mara, abadilishe maji mara 2 au 3 kwa wiki, saa chache baada ya kumlisha. Maji mapya yawe na joto sawa na yale ya zamani. Xenopus laevis hustawi kwenye nyuzi joto 16 hadi 22. Kwa chura wa kwenu, joto la dimbwi alikotoka ndilo kipimo. Weka tangi mbali na jua la dirishani.

Chakula na afya

Nyungunyungu ni chakula bora, na hupatikana bustanini bila gharama. Wachukue mahali pasipopuliziwa dawa, uwasuuze, na wakubwa uwakate. Vipande vya samaki na chakula cha samaki cha punje zinazozama vinafaa pia. Chura mkubwa ale mara 2 au 3 kwa wiki, mdogo kila siku. Toa mabaki baada ya nusu saa. Usimchanganye na samaki wadogo wala vyura wadogo, kwani atawala.

Akijivua ngozi na kuila, usishtuke. Ni kawaida yake. Wasiwasi uje akivimba tumbo kama puto, akikataa chakula kwa siku nyingi, au miguu na tumbo vikiwa vyekundu. Mtenge, badilisha maji, na umtafute daktari wa mifugo.

Watoto wanaweza kumtazama na kumlisha, lakini wanawe mikono kwa sabuni kila wanapogusa maji ya tangi. Nchini Marekani, kati ya mwaka 2008 na 2011, watu 376 waliugua salmonela kutokana na vyura wadogo wa majini wa jamii ya Hymenochirus, ambao asili yao ni Afrika. Wengi wa wagonjwa walikuwa watoto. Usisafishie tangi kwenye sinki la jikoni.

Mkataba wa miaka 15

Chura wa kucha aliyetunzwa vizuri huishi miaka 15 au zaidi. Mtoto anayeomba kununuliwa chura leo atakuwa ameshahama nyumbani chura angali hai. Hapo ndipo watu huchoka na kumtupa mtoni, wakidhani wanamrudisha kwao.

Chile, Ufaransa, Italia kwenye kisiwa cha Sicily, na jimbo la California nchini Marekani, wote wanajua matokeo yake. Vyura waliotoroka au kuachiliwa waliongezeka, wakala wadudu wa majini, samaki wachanga na viluwiluwi wa vyura wenyeji. California imepiga marufuku kuwamiliki. Mwaka 2022 Umoja wa Ulaya ulimweka Xenopus laevis katika orodha ya viumbe vamizi.

Hatari nyingine haionekani kwa macho. Chura wa kucha anaweza kubeba kuvu ya ngozi inayoua vyura wengine, ilhali yeye mwenyewe haonyeshi ugonjwa. Tanzania inaijua kuvu hiyo. Chura mdogo wa Kihansi, aliyeishi kwenye manyunyu ya maporomoko ya maji huko Udzungwa na si mahali pengine popote duniani, alipungukiwa na manyunyu mto ulipogeuzwa kuzalisha umeme mwaka 2000. Mwaka 2003 idadi yake iliporomoka ghafla, na kuvu hiyo ikakutwa kwenye miili ya waliokufa. Mwaka 2009 alitangazwa kutoweka porini. Aliokolewa na vyura 499 waliokuwa wamepelekwa Marekani kuzalishwa, na mwaka 2012 uzao wao ulianza kurudishwa Kihansi. Hakuna aliyemlaumu chura wa kucha kwa msiba huo, lakini unaonyesha jinsi spishi nzima inavyoweza kupotea katika muda mfupi.

Jumuiya yetu inafungua mipaka kwa watu na bidhaa, na ni jambo jema. Chura hahusiki na soko hilo. Wa Itombwe abaki Itombwe, wa Mwanza abaki Mwanza. Maji machafu ya tangi yamwage chooni au kwenye udongo mkavu mbali na mto, na ndoo na nyavu zikauke kabisa kabla ya kutumika kwingine. Ukishindwa kuendelea kumtunza chura wako, mpe mfugaji mwingine, shule au chuo kinachofundisha biolojia, au uwaulize maofisa wa wanyamapori. Mtoni asirudi, hata kama ni mto uliomtoa.