VPN inayojiwasha yenyewe: Jinsi ofisi za mpakani zinavyoweza kuepuka kukatika

JINA la VPN lilienea sana nchini Uganda mnamo Julai 2018, serikali ilipoanza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa kila aliyetumia mitandao ya kijamii. Mnamo Januari 2021, Facebook ilifungwa, kisha intaneti yote ikazimwa kwa siku kadhaa wakati wa uchaguzi. Hapo VPN haikufaa kitu, kwani nayo hupita ndani ya intaneti. Kwa aliye Busia, laini ya simu ya Kenya ilikuwa na manufaa zaidi.

Hata hivyo, kukwepa vizuizi si kazi ya asili ya VPN. Iliundwa kuunganisha ofisi zilizo mbalimbali kwa njia ya siri, ili anayechungulia katikati asisome chochote. Chukua mfano wa wakala wa forodha aliye Malaba, ambaye hati zake ziko kwenye kompyuta ya Mombasa, au mnunuzi wa samaki wa Sio Port anayeweka hesabu zake Busia.

Tatizo ni kwamba wengi huiwasha VPN kwa mkono. Karani huandika amri, na akifunga dirisha lile, njia nayo hufa. Umeme ukipotea usiku, kompyuta hurejea lakini VPN hairejei, na asubuhi malori yanangoja huku fundi akitafutwa kwa simu.

Katika kompyuta zinazotumia Linux, dawa ni kuikabidhi VPN kwa systemd, msimamizi wa huduma aliyeanza kutumika mwaka 2010. Amri ya systemctl start huiwasha huduma papo hapo, ilhali systemctl enable huagiza iwashwe kila kompyuta inapoamka. Wanaoanza huzichanganya mbili hizi, nao hugundua kosa lao umeme unapopotea.

Kwa OpenVPN, yafaa kuongeza agizo la Restart=on-failure, ili programu ikianguka iinuliwe bila kumsubiri mtu. WireGuard, iliyoingizwa katika kiini cha Linux mnamo Machi 2020, ni tofauti: haina programu inayobaki ikikimbia, hivyo hakuna cha kuinua. Faili za funguo nazo zisomwe na msimamizi mkuu wa kompyuta pekee, wala si kila karani.

Aidha, kuna hitilafu moja inayosumbua kompyuta kuukuu. Betri ndogo ya saa ikiisha, umeme ukikatika tarehe hurudi nyuma miaka mingi, na OpenVPN hukataa kuunganika kwa kuona vyeti vya usalama havijaanza kutumika. Amri ya journalctl huonyesha sababu hiyo waziwazi. Betri yenyewe huwa ndogo kama sarafu, na kuibadilisha ni kazi ya dakika chache.