Binti ameitiwa kazi Oman: ulizeni haya kabla hajaondoka

Jirani analeta habari njema: kuna kazi za ndani Oman, tiketi ni bure, binti aondoke wiki ijayo. Kabla hamjakubali, tuelezane.

Oman na nchi nyingine za Ghuba hutumia mfumo wa kafala. Kibali cha mfanyakazi cha kuishi huko hufungwa kwa mwajiri aliyemwita. Akikimbia kipigo au kunyimwa mshahara, anaweza kuripotiwa kuwa ametoroka, akakamatwa na kurudishwa mikono mitupu. Tiketi ile ya bure nayo ina mwenyewe: akitaka kuondoka mapema, anaweza kudaiwa gharama zake.

Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilichapisha ripoti baada ya kuwahoji wanawake 50 wa Kitanzania waliofanya kazi Oman na Falme za Kiarabu. Wengi walinyang'anywa pasipoti. Wapo waliofanyishwa kazi hadi saa 21 kwa siku.

Si kila aendaye huumia. Wapo waliojenga kwa fedha hizo. Kwa hiyo jilindeni. Ulizeni TaESA kama wakala amesajiliwa. Mkataba usainiwe hapa nchini, kwa lugha anayoielewa, na nakala yake pamoja na ya pasipoti zibaki nyumbani. Namba ya ubalozi wetu Muscat aikariri, maana simu huchukuliwa.

Na wakala akisema mvuke Sirari kimyakimya mkapandie ndege Nairobi, simameni hapo. Mwenye kazi halali hana sababu ya kuwakwepa maofisa wetu.