Uhusiano wa Malindi na Italia Usiwe wa Ulimi Mmoja

Mgeni afikaye Malindi kwa mara ya kwanza hustaajabia jambo moja. Kijana auzaye vinyago ufuoni, ambaye pengine hakupata kumaliza shule, huwasalimu watalii kwa Kiitalia, hutaja bei kwa Kiitalia na hata hutania kwa lugha hiyo. Hivi majuzi nilimuuliza mmoja wao ni nani aliyemfunza. Akacheka. "Njaa, mwalimu," akanijibu.

Jibu hilo limenikaa moyoni, kwa sababu uhusiano wetu na Waitalia haukuanzia hotelini. Tarehe 26 Aprili 1967, setilaiti ya San Marco 2 ilirushwa kutoka jukwaa lililosimamishwa baharini karibu na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Tarehe 12 Disemba 1970, Kenya ilipotimiza miaka saba ya kujitawala, Wamarekani na Waitalia walirusha kutoka papo hapo setilaiti ya kwanza iliyoundwa mahsusi kuchunguza miale ya eksirei itokayo angani. Ikaitwa Uhuru. Riccardo Giacconi, mzaliwa wa Genoa aliyeongoza uchunguzi huo, alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002.

Basi neno letu likaingia katika vitabu vya elimu ya nyota duniani kote. Lakini jina si lugha. Mtoto wa Ngomeni atakaye kujua Uhuru iligundua nini hana budi kutafuta habari hizo katika lugha ya kigeni.

Je, Waitalia hawawezi kujifunza Kiswahili? Wanaweza. Chuo Kikuu cha L'Orientale, mjini Naples, kimekifundisha kwa miongo mingi. Elena Bertoncini Zúbková, aliyekuwa mhadhiri huko, alichapisha mwaka 1989 utafiti mpana kuhusu riwaya na tamthilia za Kiswahili. Hata hivyo, nimekutana Malindi na wakazi wa miaka mingi wasiovuka "jambo" na "pole pole".

Mikataba ya Ngomeni huzungumzia ardhi, ada na mafunzo. Naomba izungumzie lugha pia: wenyeji waelezwe kwa Kiswahili yanayofanyika kituoni, na mgeni anayekusudia kuishi kwetu ajifunze lugha ya jirani yake.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi tumekwisha kujifunza kumkaribisha mgeni kwa lugha yake. Naye ajifunze kubisha hodi kwa lugha yetu.