Kitabu cha lugha hakichaguliwi kwa jalada

Jumamosi moja nilimkuta mama mmoja katika duka la vitabu mjini Meru, karibu na soko la Gakoromone, ameshika vitabu viwili vya Kiswahili. Pesa zake zilitosha kimoja tu.

"Kijana wangu yuko Gredi ya 4," akaniambia. "Alipokuwa kwa nyanyake Nkubu alisoma vizuri. Sasa hata maswali haelewi. Sijui nimnunulie kipi."

Mzazi, shida hiyo si ya mama huyo peke yake. Sera ya elimu yasema mtoto wa Gredi ya 1 hadi ya 3 afundishwe kwa lugha ya eneo lake, na vijijini huku ni Kimeru. Afikapo Gredi ya 4, masomo mengi hugeukia Kiingereza, nacho Kiswahili huongezeka uzito. Mtoto hajawa mjinga, amebadilishiwa lugha.

Basi utamchagulia vipi kitabu cha kusomea nyumbani?

Kwanza, hakikisha kimeidhinishwa na taasisi ya mitaala, KICD. Pili, mwachie mtoto asome ukurasa mmoja kwa sauti papo hapo dukani. Akikwama katika maneno zaidi ya matano, kitabu ni kizito. Asipokwama hata mara moja, hakina mengi mapya ya kumfunza. Tatu, tazama ndani: je, kuna mazoezi ya kusikiliza na kuzungumza, kusoma, sarufi na kuandika? Sarufi tupu haimfunzi mtoto kuzungumza.

Usikimbilie vijitabu vya maswali kwa sababu ya mtihani wa KPSEA, ambao watoto wa Gredi ya 6 wameufanya tangu 2022. Asiyeelewa hadithi hataelewa swali.

Wala usikitupe Kimeru. Nyanya akisimulia hadithi jioni, mwambie mtoto aisimulie upya kwa Kiswahili, kisha aandike sentensi tano. Zoezi hilo halina bei. Hata vitabu vya hadithi si lazima ununue vyote. Maktaba ya umma ipo mjini.

Yule mama alimwita mwanawe asome. Kile chenye jalada la kumeremeta kilimshinda katika mstari wa tatu. Cha pili, chenye picha chache, alikisoma polepole, akafika katikati ya ukurasa, akacheka.

Mama hakuuliza tena. Alifungua mkoba, akalipa.