LAPTOPU IMEGOMA KUWAKA? TULIA, USIKUBALI KULIZWA!

Ilikuwa Ijumaa, kama saa mbili za usiku hivi. Mimi na washkaji tumejaa barazani, macho kwenye luninga, tunasubiri mpira uanze. Mara mlango wa chumba cha tatu ukafunguliwa kwa kishindo. Akatoka binti mmoja, mpangaji mwenzetu, mwanafunzi wa chuo mwaka wa mwisho. Machozi yanamlengalenga, na kifuani kakumbatia laptopu yake kama mama aliyebeba kichanga chenye homa.

"Kaka, haiwaki," akasema. Basi. Hayo tu.

Kumbe kisa chenyewe kilianza tangu mchana. Ripoti yake ya utafiti, kurasa sitini na ushee, ilitakiwa kwa mwalimu Jumatatu saa nne asubuhi. Yote imo humo humo. Flashi? Hakuna. Kajitumia kwenye barua pepe? Wapi! Alikuwa keshaipeleka kwa fundi mmoja mjini. Jamaa akaifungua, akaipuliza, akatikisa kichwa kama daktari anayeleta msiba: "Sista, madabodi imekufa. Lete laki na themanini, uache na mashine." Laptopu yenyewe aliinunua Kariakoo kwa laki tatu na nusu, ile mitumba iliyochoka kutumika maofisini huko Ulaya. Mtoto wa watu hela ya kula tu anaipigia hesabu, hiyo laki na themanini aitoe wapi?

Mpenzi msomaji, usicheke. Kesho ni wewe. Ndiyo maana wiki hii tumeacha kidogo habari za mapenzi, tuongee kuhusu huyu mpenzi mwingine anayelala kitandani kwako kila siku, na siku akigoma unachanganyikiwa kuliko kuachwa.

IMEKUFA AU IMEZIRAI?

Kabla hujapiga yowe, bonyeza kitufe cha kuwasha halafu tazama na usikilize. Ugonjwa wa kutowaka uko wa aina tatu, na kila mmoja una dawa yake.

Wa kwanza: kimya kabisa. Hakuna taa, hakuna feni, hakuna chochote. Hapo tatizo ni umeme haufiki.

Wa pili: taa zinawaka, feni inavuma, lakini kioo giza tupu. Hapo umeme upo, ila mashine imeshindwa kuamka, au imeamka na kioo ndicho kimezima.

Wa tatu: nembo ya kampuni inatokea, halafu inakwama au yanakuja maandishi ya Kiingereza kwenye weusi. Hapo mashine ni nzima, tatizo ni diski au Windows.

Ukishajua umeangukia wapi, tayari umemzidi fundi mbabaishaji. Yeye ugonjwa wote anauita madabodi.

CHAJA NDIYO MCHAWI WA KWANZA

Usinicheke, lakini anza na soketi ya ukutani. Chomeka chaja ya simu palepale uone kama inachaji. Kuna watu wamebeba laptopu mpaka kwa fundi kumbe ekstensheni imekufa, au Luku imeisha na yeye alidhani taa kazima mwenyewe.

Kisha angalia chaja yenyewe. Ikiwa ina kataa kadogo, je, kanawaka? Sasa ichomeke kwenye laptopu. Kama taa ilikuwa inawaka na inazimika ukiichomeka, kuna shoti ndani. Chomoa haraka.

Hakikisha pia kuwa chaja ni ya kwake. Geuza usome nyuma. Dell na HP nyingi za zamani hutumia volti 19.5, ThinkPad nyingi hutumia volti 20. Halafu kuna wati: 45, 65 au 90. Ukiweka ya wati ndogo, mashine inaweza kulalamika, kwenda taratibu au kugoma kuchaji betri. Na zile chaja za Dell na HP zenye kasindano kembamba katikati, hako kasindano ndiko kanakoiambia mashine kuwa "mimi ni chaja halali, wati zangu ni kadhaa." Kakipinda au kakikatika, mashine haimtambui mgeni.

Kama una rafiki mwenye laptopu ya aina hiyohiyo, azima chaja yake dakika tano tu. Kipimo hicho ni cha bure na hakidanganyi.

KAMUA UMEME ULIOBAKI

Hii ndiyo dawa ya kienyeji ambayo hata mafundi wakubwa huanza nayo. Chomoa chaja. Toa betri kama ni ile ya kuchomoka kwa nyuma. Chomoa flashi, mausi na kila kilichoning'inia. Sasa bonyeza kitufe cha kuwasha na ukishikilie kwa sekunde 30 bila kuachia. Kisha rudisha chaja peke yake, betri ikae pembeni, halafu uwashe.

Kwa nini? Ndani ya madabodi kuna vijidude vinaitwa kapasita vinavyotunza umeme. Umeme wa mtaani ukikatika na kurudi kwa fujo, au chaja ikicheza, saketi inayosimamia kuwasha inaweza kuduwaa. Ukiukamua ule umeme uliobaki, inaanza upya na akili timamu. Na kuwasha bila betri ni kipimo tosha: betri iliyokufa vibaya inaweza kuizuia mashine nzima isiwake.

Kama betri iko ndani kwa ndani, baadhi ya ThinkPad zina katundu kadogo chini ya tumbo. Ingiza pini taratibu na uminye kidogo, chaja ikiwa imechomolewa. Kwa mashine nyingine itabidi ufungue skrubu za chini na kuchomoa plagi ya betri.

Angalizo: ukifungua ukakuta betri imevimba kama andazi, acha. Usiitoboe, usiikandamize, usirudie kuichaji. Betri za lithiamu zikichokozwa huwaka moto, na moto wake si wa kuzimwa kwa kikombe cha maji.

TAA ZIPO, KIOO GIZA

Hapa ndipo alipokuwa binti yetu. Taa ya kitufe inawaka, feni inavuma, taa ya kibodi inapepesa, kioo kama usiku wa manane.

Zima taa za chumba, chukua tochi ya simu, imulike kwenye kioo kwa upande. Ukiona vivuli vya picha kwa mbali, basi mashine imewaka, ila taa ya nyuma ya kioo ndiyo imekufa. Njia nyingine, iunganishe na luninga au kioo kingine kwa waya wa HDMI au VGA. Picha ikitokea huko, tatizo ni kioo au waya wake, na kazi zako zote ziko salama.

Na usidharau kule kupepesa kwa taa. HP husema ugonjwa wake kwa kupepesa taa ya Caps Lock, na Dell nyingi hupiga milio au kupepesa taa za mbele. Hesabu mara ngapi, andika, kisha tafuta maana yake kwenye kitabu cha modeli yako. Mashine inakuambia inapoumwa.

Kama huko nje nako hakuna picha, mshukiwa namba moja ni RAM, ile kumbukumbu ya muda. Vumbi, joto na unyevu wa pwani hii yetu vinazichafua zile sehemu zake za dhahabu. Sisi tulifanya hivi: tukachomoa chaja na betri, tukagusa chuma ili kutoa umeme wa mwilini, tukafungua kifuniko cha chini. Zilikuwa RAM mbili za GB 4. Tukabana vile vishikio vya pembeni, zikachomoza zenyewe. Tukachukua raba safi ya penseli, tukasugua meno yake taratibu, tukafuta unga wote kwa brashi kavu.

Tukarudisha moja peke yake. Giza. Tukaitoa, tukaweka ya pili. Giza vilevile! Binti akafunika uso kwa kanga. Nikamwambia, "Mdogo wangu, subiri." Maana ukibadilisha RAM, mashine huweza kukaa dakika nzima inajipima kabla ya kuonyesha kitu. Tukasubiri. Barazani washkaji wakapiga kelele, goli. Na sisi ndani, nembo ikatokea!

Ile RAM ya kwanza tuliijaribu tena kwenye nafasi zote mbili, tukiisubiri vilevile. Imekufa. Ya pili nzima. Madabodi ya laki na themanini ilikuwa imetibiwa na raba ya shule.

Ukienda kununua nyingine, soma kwanza ile ya zamani. DDR3 na DDR4 haziingiliani, na kuna DDR3L ya volti 1.35 na DDR3 ya kawaida ya volti 1.5. Ibebe mkononi, mwuzaji aione.

NEMBO INATOKA, HALAFU INAGOMA

Ukiona maandishi ya kwamba hakuna diski ya kuwashia, kwanza chomoa flashi. Mara nyingi mashine inang'ang'ana kuwaka kupitia flashi yako ya nyimbo. Halafu ingia BIOS: zima, washa, papo hapo bofyabofya F2 kwa Dell, F10 kwa HP, F1 kwa ThinkPad. Je, diski inaonekana humo? Kama haionekani, ichomoe na kuirudisha vizuri mahali pake.

Angalia na saa. Ikiwa imerudi miaka mingi nyuma, kile kibetri cha mviringo cha volti 3, mara nyingi CR2032, kimeisha. Kikiisha, mashine inasahau mipangilio yake kila ukizima. Bei yake ni ya soda.

Sasa sikiliza hili kwa makini. Diski ya zamani ya kuzunguka ikianza kugonga tak, tak, tak, ZIMA. Usiiwashe mara kumi eti labda itakubali. Kila mzunguko unaweza kuwa unaikwangua kazi yako. Itoe, iweke kwenye kava la USB, ichomeke kwenye kompyuta ya mwenzako, uchukue mafaili ya muhimu kwanza, picha za harusi baadaye. Data ikiwa na thamani kubwa kuliko mashine, mpelekee mtaalamu wa kuokoa data.

Kama diski ni nzima na Windows ndiyo imeharibika, tengeneza flashi ya Linux Mint kwenye kompyuta nyingine. Laptopu itawaka kupitia flashi bila kugusa Windows, na unakopi mafaili yako kwa raha. Ila kama diski ilifungwa kwa BitLocker, utadaiwa ufunguo wa tarakimu 48. Utafute kwenye akaunti yako ya Microsoft, na wala usimruhusu mtu afute diski kabla hujaupata.

KWA FUNDI NENDA, ILA NENDA NA AKILI

Mafundi wazuri wapo, tena wengi. Lakini usiingizwe mjini. Kabla ya kuacha mashine, piga picha namba za RAM na diski. Usije ukaacha GB 8 ukarudishiwa 4. Kama ugonjwa si wa diski, toa diski yako uondoke nayo. Humo mna picha zako, meseji zako, siri zako za chumbani. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza mtu kupekua kompyuta yako bila ruhusa, lakini picha ikishasambaa, sheria hairudishi aibu.

Akisema madabodi imekufa, mwulize kwa upole: "Umejaribu RAM moja moja? Umepima chaja kwa mita?" Akikasirika, beba mashine yako.

Na ujue pia kuukubali ukweli. Windows 10 iliachwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025 kwa huduma ya kawaida, na Windows 11 inadai chipu ya TPM 2.0 ambayo vikongwe wengi hawana. Kumtia kikongwe SSD na Linux ni uungwana. Kumnunulia madabodi kwa nusu ya bei yake, hapana.

NA YULE BINTI JE?

Usiku uleule, kabla hata hajafuta machozi, ripoti iliingia kwenye flashi mbili na barua pepe. Jumatatu saa nne kasoro ilikuwa mezani kwa mwalimu. RAM nyingine aliipata kwa elfu kumi na tano.

Mwezi uliopita mashine ile ilizima tena, na safari hii madabodi kweli, kila kipimo kilikataa. Alinigongea mlango, nikajua kuna kilio. Wala! Alikuwa anaomba bisibisi. Akaitoa diski mwenyewe, akaitia kwenye kava, akaning'iniza begi begani.

"Kaka, hii imeshajifia," akasema. "Lakini mi nilishahama zamani."

Haya, na wewe uliyesoma mpaka hapa: kazi yako iko sehemu ngapi? Kama ni moja, ukimaliza tu kusoma, amka ukatafute flashi. Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.